Bastola ya Mwalimu Selpha Yapanda Ndege

Mwalimu Selpha Aloo amefyatua bastola mara nyingi kuliko askari yeyote ninayemfahamu, na hajawahi kuilenga popote ila mbinguni. Mbele yake huwa wamepiga magoti watoto wa shule kwenye mstari wa chokaa. Ikilia, watoto hukimbia na wazazi hushangilia. Hapa kwetu Awasi msimu wa michezo ukifika, mlio wake husikika hadi sokoni, na wauza nyanya huambiana tu, "Selpha ameanza," kisha wanaendelea kupanga nyanya zao.

Kwa hiyo siku aliyozuiliwa na polisi kwa sababu ya bastola hiyohiyo, hakuna aliyeelewa, na yeye mwenyewe alielewa kidogo kuliko wote.

Alizaliwa Luanda Kotieno, ambako mama yake alikuwa akikaanga samaki karibu na gati la feri ya kwenda Mbita. Msafiri akisahau mfuko wake kwenye benchi, Selpha ndiye aliyetumwa kumkimbiza kabla feri haijang'oa nanga, na hivyo ndivyo alivyojijua kuwa ana mbio. Akiwa sekondari alikimbia mita mia mbili mpaka akafika mashindano ya mkoa. Huko akateguka goti kwenye kona, na goti halikurudi kuwa kama zamani. Akasomea ualimu, akaletwa Awasi, akaolewa na Gordon Okello, fundi wa pampu za maji ambaye wateja wake wengi ni wakulima wa mpunga wa Ahero.

Kazi ya kuanzisha mbio ilimjia kwa bahati tu. Siku moja ya michezo mwanzishaji hakufika, na mwalimu mkuu akamwambia, "Si wewe ulikuwa unakimbia? Chukua hizi mbao ugonganishe." Akagonganisha. Siku hiyo hakuna mzazi aliyelalamika kwamba mtoto wake ameibiwa mbio, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada. Wakamwita tena, wakampeleka kwenye mafunzo, wakampa koti jekundu, na mwishowe chama cha riadha kikamkabidhi bastola ya kuanzishia mbio. Ilikuwa fupi na nyeusi, mpini umechakaa. Mdomo wake umezibwa kwa chuma tangu kiwandani. Fataki zake zina baruti lakini hazina kichwa cha risasi, hivyo hutoa kelele na moshi, basi. Nyumbani aliiweka kabatini, nyuma ya sahani za wageni. Hajawahi kuiita silaha. Ukimuuliza angekuambia ni filimbi yenye hasira.

Simu iliyoanzisha mambo haya ilitoka kwa Bilha, mwanamama anayesimamia mashindano ya riadha ya vijana huko Nairobi.

"Mwalimu, niokoe," Bilha alisema. "Mwanzishaji wetu amelazwa hospitalini, na bastola yake imekwama, haifyatuki. Kesho asubuhi watoto watakuwa uwanjani. Njoo na yako."

"Kesho? Hata nikipata basi sasa hivi nitafika nimechoka kama gunia."

"Nani amesema basi? Nimekukatia tiketi ya ndege, angalia kwenye simu yako."

Selpha alikuwa hajawahi kupanda ndege. Aliziona kila siku zikishuka kuelekea Kisumu, zikipita juu ya mashamba ya miwa, lakini kupanda hakupanda. Akaenda kumuuliza Waswa, mwalimu wa sayansi, ambaye aliwahi kusafiri kwa ndege kwenda harusi ya dada yake Mombasa.

"Kitu kimoja tu ukumbuke," Waswa alimwambia. "Bunduki na risasi hazisafiri pamoja. Hiyo ni sheria."

Selpha akakumbuka vizuri sana. Bastola akaifunga kwa taulo, akailaza katikati ya sanduku la nguo. Fataki akazitia kwenye mkoba wake wa mkononi, ili zikae mbali na bastola kama alivyoshauriwa. Pakiti yake ya karatasi ilikuwa imeharibiwa na mvua katika michezo ya mwaka uliopita, kwa hiyo fataki zilikuwa ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Gordon alimpeleka kwa pikapu yake, nyuma kukiwa na pampu ya mteja aliyekuwa akimsubiri Ahero. Njiani alimpa shauri lake.

"Ukifika mlangoni, usifiche. Sema ukweli kabla hawajauliza. Mtu mkweli hana shida na polisi."

"Nitasema," Selpha alijibu.

Alimshusha penye lango la uwanja wa ndege, akamwombea safari njema, akageuza gari haraka kwa sababu ya pampu.

Basi Selpha akafika mlangoni, penye ile mashine ya kukagua mizigo. Mlinzi, msichana mwenye sauti ya upole, alimwambia aweke sanduku kwenye mkanda. Selpha akasimama wima kama anayesoma somo kanisani.

"Binti yangu, kabla sijaliweka, nataka ujue kwamba ndani kuna bastola. Ni ya kuanzishia mbio."

Katika maneno yote hayo msichana alisikia moja. Uso wake ukabadilika. Mkono mmoja ukaenda kwenye redio yake, na mwingine ukamwonyesha Selpha asisogee. Waliokuwa nyuma kwenye foleni walirudi hatua kadhaa, wote kwa pamoja, bila kuambiwa. Mwanamume mmoja aliacha sanduku lake pale pale. Selpha akageuka kuwatuliza. "Haina kitu ndani," alisema, na wakarudi nyuma zaidi.

Akaja Sajini Wekesa, askari mrefu, mtaratibu, mtu wa pande za Bungoma. Hakupiga kelele. Alilibeba sanduku yeye mwenyewe, akamwomba Selpha amfuate kwenye chumba kidogo cha polisi, akampa kiti, hata akamwagizia chai. Kisha akafungua taulo na kuitazama ile bastola bila kuigusa.

"Mama, una leseni?"

"Nina kadi ya mwamuzi, na barua ya chama cha riadha."

"Mimi nauliza leseni ya bunduki."

"Sina, kwa sababu hii si bunduki."

"Mlangoni umesema ni bastola."

"Ni bastola. Lakini si bunduki."

Wekesa aliweka kalamu chini. Alimtazama Selpha kwa muda, si kwa ubaya, bali kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia kufungua fundo.

"Inaua?"

"Haiui, Sajini. Inaanzisha."

Akampigia simu mkubwa wake. Simu yake ilikuwa na sauti ya juu, kwa hiyo Selpha alisikia yote. Mkubwa alisema kitu chochote chenye kifyatulio na kinachokula baruti ni silaha, na asiye na leseni azuiliwe. Lakini alilisema jambo hilo kwa kusitasita, na mwishoni akaongeza, "Au wewe unaonaje?" Wekesa hakuridhika, akampigia mwingine. Huyu wa pili alicheka. Alisema hicho ni kifaa cha michezo kama mpira na filimbi, mama wa watu aachiliwe asafiri. Wekesa akakata simu akiwa na majibu mawili, na hakuwa na la kufanya na lolote kati ya hayo.

"Sasa nifuate yupi?" alimuuliza Selpha.

Selpha alifikiri kweli kweli, kama mwalimu aliyeulizwa swali na mwanafunzi. "Wa pili," alisema.

"Nilijua ungesema huyo," Wekesa alijibu.

Wakati huo aliingia Janice, dada wa kaunta ya abiria wa shirika la ndege, kutaka kujua kama abiria huyu atasafiri ama nafasi yake iondolewe.

"Silaha sisi tunabeba, Mama," alisema. "Haina neno. Inakaa kwa mizigo chini, haina risasi ndani, imefungwa kwa kufuli, na polisi wameidhinisha. Sajini akiidhinisha tu, tunaenda."

"Sajini, idhinisha basi," Selpha alisema kwa furaha.

"Mama, sikiliza. Mimi naidhinisha silaha. Nikiidhinisha hii, nimekubali kwamba ni silaha. Nikikubali ni silaha, wewe huna leseni, na itabidi nikushike."

"Basi usikubali ni silaha."

"Nisipokubali, sina sababu ya kuidhinisha." Akamgeukia Janice. "Bila idhini yangu, mtaibeba?"

"Kitu chenye umbo la bunduki, bila idhini ya polisi?" Janice alitikisa kichwa. "Haiwezekani."

Selpha aliniambia kwamba hapo ndipo kichwa chake kilipoanza kuzunguka. Ikiwa ni bunduki, hasafiri. Ikiwa si bunduki, hasafiri. Alijaribu kufikiri kitu cha tatu ambacho ingeweza kuwa, akakikosa. Alikuwa amewafundisha watoto kwa miaka mingi kwamba ukisema ukweli mambo hunyooka, na sasa alijiuliza: ukweli wenyewe ni upi? Angesema nini mlangoni? Neno lenyewe lililopo ni bastola. Kama kungekuwa na neno lingine angelitumia.

Mambo yakazidi Wekesa alipouliza kama kuna kitu kingine cha kutangaza. Selpha akatoa mkebe kwenye mkoba.

"Majani ya chai?" Wekesa aliuliza, akautikisa. Sauti iliyotoka haikuwa ya majani.

"Ni fataki zake."

"Yawa! Na ulikuwa unaingia nazo mkononi? Ndani ya ndege?"

"Niliambiwa hazisafiri pamoja na bastola!"

"Aliyekuambia hakukosea," Janice alisema polepole, "lakini hakumaanisha hivyo, Mama."

Katikati ya shughuli hiyo mlango ukabishwa, akaingia Antony Kangethe, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi mwenye duka karibu na soko la Kibuye. Yeye ni mwenyeji wa Nyeri, lakini ameishi Kisumu muda mrefu kiasi kwamba hununua samaki kwa Kijaluo. Wezi waliwahi kuvunja duka lake yeye akiwa ndani, na tangu hapo alikuwa na bastola ya kujilinda, yenye leseni. Alimsalimia Wekesa kwa jina. Akaitoa bastola kiunoni, akaielekeza kwenye ndoo ya mchanga iliyokuwa pembeni, akatoa risasi zote, akazitia kwenye pakiti yake. Bastola akaifungia kwenye kisanduku kigumu, akaonyesha cheti, akatia sahihi. Janice akabandika karatasi. Ikawa imekwisha. Chai ya Selpha ilikuwa bado inatoa mvuke.

Kangethe akamtazama mwanamke yule mwenye sketi ya kanisani na mkebe wa chai mapajani.

"Na Mama yeye amebeba nini?"

"Bastola," Selpha alisema. "Haiui."

"Yangu inaua," Kangethe alisema, kama mtu anayeomba radhi, "na wameshamalizana na mimi."

Hakucheka, na Selpha anamshukuru kwa hilo mpaka leo. Badala yake alivuta kiti, akauliza aelezwe. Alipoelezwa yote, alikuna kidevu, akasema hata yeye sasa hajui.

Muda wa ndege ulikuwa unakaribia. Selpha alijitolea kuifyatua nje, kwenye nyasi, ili wote waone kwamba hakuna kinachotoka. Wekesa aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mama! Hapa ni uwanja wa ndege! Ukifyatua hapa, mimi na wewe tutalala ndani, na hawa wote watalala chini."

"Basi angalia mdomo wake," Selpha alisema. "Angalia ndani tu, Sajini. Tangu nije hujaangalia."

Ni kweli, hakuwa ameangalia. Wekesa aliwasha tochi ya simu yake, akainama. Janice naye akainama. Kangethe akasogea. Vichwa vitatu vilikusanyika juu ya kile kijibastola kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

"Imezibwa," Wekesa alisema.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipotengenezwa. Ndiyo maana nasema inaanzisha."

Wekesa alirudi kwenye kiti chake akafikiri. Halafu akachukua karatasi akaandika kwa mwandiko wa taratibu, akisoma kwa sauti kila neno alipoliandika: kifaa cha michezo, chenye umbo la bastola, kimekaguliwa, hakina uwezo wa kutoa risasi. Akapiga muhuri. Hakuandika popote kama ni silaha au si silaha. Janice aliisoma, akatoka nje kumpigia msimamizi wake, akarudi na kusema itapita, ila sanduku lazima lifungwe kwa kufuli.

Selpha hakuwa na kufuli. Sanduku lake alikuwa amelizungushia kamba tu.

"Kufuli?" Kangethe alisimama. "Mama, mimi ninauza nini?" Alikuwa amebeba sampuli za kupelekea mteja Nairobi, na katika mfuko wake mlikuwa na makufuli ya kila aina. Akachagua moja dogo la shaba, akaunganisha zipu mbili za sanduku, akalibana, likalia. Sanduku likachukuliwa.

Fataki hazikukubaliwa. Janice alieleza kwamba vitu vya baruti husafiri katika pakiti ya kiwandani tu, si katika mkebe wa chai, na hapo hakuna muhuri ambao ungesaidia. Wekesa akazipokea, akampa Selpha karatasi ya kuzidai atakaporudi. Kwa hiyo Selpha Aloo alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na bastola isiyo na fataki, akienda kuanzisha mbio asizojua atazianzisha na nini.

Alikaa dirishani. Ziwa lilipotokea chini, lenye viraka vya magugu maji, alijaribu kuitafuta Luanda Kotieno, lakini ufuo wote ulikuwa na sura moja. Ndege ikageuka, na vitu alivyovijua vikapita upande ambao hakuutarajia. Muda wote alikuwa akiifikiria ile bastola iliyokuwa chini ya miguu yake, gizani, pamoja na ya Kangethe. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama kweli ni filimbi.

Nairobi, askari mmoja aliwaita wenye silaha kwenye meza ya pembeni, Kangethe akaenda kuchukua yake. Sanduku la Selpha lilikuja kwenye mkanda pamoja na masanduku ya watu wengine wote, likizunguka wazi, na hakuna aliyeliangalia. Alilishusha, akasimama nalo. Je, aende kwenye ile meza? Gordon alisema mtu asifiche. Akaenda.

"Afisa, mimi pia nina kitu."

Askari akaisoma ile karatasi ya Wekesa. "Hii ni vifaa vya michezo, Mama. Enda tu."

"Hutaki kuona?"

"Mipira tunaijua, Mama. Enda."

Akaenda, na alipofika nje ndipo alipokumbuka kwamba ufunguo wa kufuli uko kwa Kangethe, na Kangethe hayupo mezani tena. Alimwona kwa mbali akiingiza mizigo kwenye teksi. Selpha aliliacha sanduku, akakimbia. Goti lilimlilia, lakini alikimbia, akiita, "Bwana Kangethe! Ufunguo!" Nyuma yake mlinzi mmoja alikuwa akiita pia, akiuliza ni la nani sanduku lililoachwa peke yake.

Alipewa ufunguo, na kufuli akaachiwa. "Ukirudi Kisumu pitia dukani," Kangethe alimwambia. "Nataka kujua walisema ni nini mwishowe."

Selpha akarudi, akamwambia mlinzi sanduku ni lake. Simu yake ilipopata mtandao iliingiza ujumbe hadi ikaganda. Awasi habari zilikuwa zimefika kabla yeye hajafika Nairobi. Jirani yake, Milka, ana binamu anayefagia pale uwanja wa ndege, na binamu huyo alimwona Mwalimu akiongozwa na polisi. Binamu alisema "bastola." Milka aliposimulia ilikuwa "bunduki." Kufikia sokoni zilikuwa bunduki kadhaa. Gordon, pampu ya watu ikiwa imefunguliwa nusu, alikuwa amerudi mbio Kisumu akawa anazunguka vituo vya polisi akiuliza mke wake.

"Uko wapi?" alipaza sauti Selpha alipompigia.

"Niko Nairobi. Nilikuambia naenda Nairobi."

"Wamekuhamishia Nairobi?"

"Gordon, hakuna aliyenihamisha. Nimekuja kwa ndege."

"Na bunduki?"

"Iko kwenye sanduku."

"Mimi sielewi," Gordon alisema.

"Hata mimi," Selpha akamwambia.

Asubuhi yake uwanjani Bilha alimkumbatia, kisha akamletea pakiti ya fataki za yule mwanzishaji mgonjwa. Zilikuwa za kipimo kilekile. "Si nilikuambia bastola ndiyo imekwama?" Bilha alisema. "Fataki tunazo tele." Selpha alitazama ile pakiti, akakumbuka mkebe wake, akaanza kuifungua.

Alivaa koti lake jekundu. Mchujo wa kwanza ulikuwa wa wasichana, mita mia mbili. Alitoa amri ya kwanza, wakapiga magoti. Akainua mkono, akatoa amri ya pili, wakainua viuno wakatulia. Huo ndio muda anaoupenda kuliko wote, ambapo hata upepo husubiri. Lakini safari hii, mkono ukiwa juu, aliuhisi uzito wa kile alichoshika. Alikumbuka foleni ikirudi nyuma. Alikumbuka yule mwanamume aliyetoroka sanduku lake. Macho yake yakaenda kwenye jukwaa, yakamwona askari wa kulinda uwanja, askari akawa anamtazama. Je, anaruhusiwa kufyatua? Na kama Wekesa alikosea? Kidole kikakataa.

Wasichana walikaa vile muda kupita kiasi. Mmoja akaanza kutetemeka mapaja, akaanguka mbele kwa mikono. Mwingine akachomoka. Watu wakaguna.

"Simameni," Selpha alisema. Aliwaendea hadi kwenye mstari, jambo ambalo mwanzishaji hafanyi. "Hakuna aliyekosea hapa. Kosa ni langu. Pumueni, tuanze upya."

Yule aliyeanguka, msichana mwembamba aliyeandikwa Jentrix kwenye namba yake, alimuuliza, "Mwalimu, imekwama?"

"Haijakwama. Ni mimi."

Akarudi mahali pake. Alinieleza kwamba hakuwa ametatua chochote kichwani, wala hakupata ujasiri wowote. Aliwatazama tu wale wasichana migongo, akaona wanamwamini, akaona haya. Akatoa amri, wakatulia, akavuta. Mlio ukatoka, moshi ukapanda, wakaenda. Siku nzima ilikuwa hivyo: kila mchujo alifyatua, na kila alipofyatua alimtupia jicho yule askari, ambaye baada ya chakula cha mchana alianza kumpungia mkono.

Kurudi ndiko kulikomchanganya kabisa. Alifika uwanja wa ndege wa Nairobi mapema, karatasi ya Wekesa mkononi, hotuba ameiandaa. Aliyemkagua alitazama picha ya sanduku kwenye mashine, akasema, "Ya riadha hiyo? Weka kwa mizigo, Mama." Hakuuliza muhuri wala leseni wala mdomo. Mtu mwingine angefurahi. Selpha alisimama pale akingoja aulizwe, mpaka waliokuwa nyuma wakamwomba asogee.

Kisumu, Sajini Wekesa alimpokea kama ndugu. Mkebe ulikuwa salama kwenye kabati lake. Lakini kuutoa kulikuwa na shida: akimpa Selpha, pengine anampa risasi mtu asiye na leseni, akikataa nao, anazuilia mali ya michezo ya watoto. Katika siku hizo alikuwa amempigia mkubwa wa tatu, na huyu alisema wote wawili wa kwanza walikuwa sahihi. Mwishowe walikubaliana aje katibu wa chama cha riadha, Griffins, auchukue kwa niaba ya chama. Griffins alikuja, akatia sahihi akiwa anaongea na simu, akampa Selpha mkebe papo hapo mlangoni, akaondoka.

Nyumbani alikuta kina mama wa kanisa wamejaa sebuleni, wamekuja kumpa pole. Gordon alikuwa amewachinjia kuku. Selpha akaeleza tangu mwanzo. Alipomaliza, mmoja alimshukuru Mungu kwamba ameachiliwa kwa dhamana, mwingine akasema alijua tangu zamani kwamba serikali itampa Mwalimu bunduki, na Milka, ambaye alikuwa ameinama kwa aibu kwenye kona, akauliza lile swali lenyewe.

"Lakini Mwalimu, tuambie sisi wenzako. Hicho kitu ni bunduki ama si bunduki?"

Wote wakamtazama. Selpha akasogeza sahani ya kuku.

"Milka," alisema, "wallahi sijui. Chukua mguu huo wa kuku kabla haujapoa."

Kwa sasa mambo yamekaa hivi. Chama cha riadha kilisikia habari yote, kikaogopa, kikaamua bastola ikae kwenye kituo cha polisi badala ya nyuma ya sahani za wageni. Siku ya michezo askari huileta uwanjani yeye mwenyewe, humkabidhi Selpha, na husimama pembeni yake tangu mbio za kwanza hadi za mwisho, kisha huirudisha. Hakuna aliyemwambia askari huyo analinda nini. Watoto wadogo wanaokimbia kwa mara ya kwanza wakimwona huulizana kwa minong'ono nani amefanya makosa, na wengine hukimbia kwa kasi zaidi.